Mifumo miwili kwenye kompyuta moja: acheni kudanganya watu kwamba ni kazi ya dakika 20!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Kila mtu akiuliza namna ya kuweka Linux pembeni ya Windows, jibu ni lilelile: punguza patisheni (sehemu ya diski) ya Windows, andaa flashi, bonyeza endelea, endelea, umemaliza. Hapo kweli umemaliza kusakinisha. Shughuli yenyewe ni kuishi na mifumo miwili ambayo kila mmoja unajiona ndiye bi mkubwa wa nyumba.

Saa tu ni vurugu. Windows huichukulia saa ya ubao mama (motherboard) kuwa saa ya mahali ulipo, Linux huichukulia kuwa ni UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Ukitoka huku kwenda kule, saa imeruka. Dawa yake ni amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, lakini hao wa dakika 20 huwasikii wakiitaja.

Halafu kuna huku "kuzima". Windows yenye kipengele cha kuwasha haraka haizimiki sawasawa, inalaza kiini chake kwenye diski ili iwahi kuamka. Ukiingia Linux, patisheni ya Windows (ya muundo wa NTFS) inaonekana bado inatumika, unaruhusiwa kusoma tu, kuandika hapana. Na ole wako uguse Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwashia mashine) huku BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa! Unakutana na skrini inayodai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kuna watu hata hawakujua kwamba diski yao imefungwa, maana kompyuta nyingi za siku hizi huja hivyo hivyo. Bila ule ufunguo, faili zako ndiyo basi tena.

Msiniambie ni uzembe wa watumiaji. Agosti 2024 lilitoka sasisho la usalama la Windows la kuziba tundu lililojulikana tangu 2022 kwenye GRUB, ile programu ya kuwashia Linux inayokupa orodha ya mifumo uchague. Microsoft walisema halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likagusa. Watu waliwasha mashine zao, Linux ikagoma, na kilichobaki kwenye skrini ni maneno ya kwamba kuna kitu kimeharibika vibaya. Hao walikosea nini?

Na mashabiki wa Linux msicheke. GRUB 2.06 ya mwaka 2021 ilizima os-prober (programu inayotafuta mifumo mingine kwenye diski) kwa chaguo-msingi, kwa sababu za usalama, sawa. Ila mtu anasasisha mfumo wake, anawasha, Windows haipo kwenye orodha, anadhani ameifuta. Kumbe ni kuandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub na kutengeneza upya orodha. Mgeni atayajua wapi hayo?

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Kampuni iliyotengeneza kompyuta yangu siitaji. Kiwango cha UEFI (kanuni za programu ya ubao mama inayowasha mashine) kina orodha ya mpangilio wa kuwasha, na orodha hiyo ni ya mwenye mashine. Mimi naipanga kwa amri ya Linux, efibootmgr, Linux juu, naikagua, imekaa. Nawasha upya, Windows imerudi juu. Naingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, nabadilisha, nahifadhi, hadithi ni ileile. Nimewaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba wanahudumia mfumo uliokuja na kompyuta tu. Jamani, mimi sikuuliza habari za Linux! Nimeuliza kwa nini programu yenu ya ubao mama inafuta nilichokihifadhi! Fedha nimelipa mimi, halafu wa kuamua kinachowaka kwanza ni wao?

Kwa hiyo kila nikiwasha inabidi niwahi kitufe cha orodha ya kuwasha. Nikichelewa kidogo tu, Windows hiyo.

Kuna aliyenishauri nibadilishe jina la bootmgfw.efi (faili linaloiwasha Windows), kisha niiweke GRUB mahali pake kwa jina hilo hilo, eti ubao mama utadanganyika. Sawa, lakini sasisho kubwa la Windows likija si litarudisha faili lake na kufuta langu? Mwenye mashine yenye ukaidi kama huu aliyefanya hivyo na ikadumu, aeleze alifanyaje. Wale wa "tumia mashine pepe" (mfumo mmoja ndani ya mwingine) na "nunua kompyuta ya pili", piteni kushoto.