Wakuu, katuni ya Krismasi ya Mickey: niiache na Kiingereza chake au itafsiriwe? Muda umebana

Kijana wa Kibosho

Heshima kwenu wakuu.

Niko Moshi. Mimi na mwenzangu tumekodi ukumbi maeneo ya Pasua, tarehe 26 tuonyeshe watoto katuni. Mnajua wenyewe wiki hii ilivyo: nusu ya Dar iko Kilimanjaro, watoto wamejaa kwa mabibi, mbuzi wa tarehe 25 wakishammaliza kesho yake hawana pa kwenda. Projekta ipo, spika zipo, viti tumeshalipia.

Filamu ni ile ya Mickey na wenzake iliyotengenezwa kwa kompyuta, ya 2004. Ina visa vitano. Minnie na Daisy wanatambiana kwenye barafu, wapwa watatu wa Donald wanazamia kwa Santa wakajiandike kwenye orodha ya watoto wema, halafu Goofy na mwanawe Max, halafu Donald anayetaka tu kunywa chokoleti yake ya moto kwa amani, mwisho Pluto anamtoroka Mickey. Nzuri, haina risasi wala mambo ya kuwaziba watoto macho.

Tatizo ni lugha. Watoto wa Dar wanaosoma shule za Kiingereza watasikia. Wa huku juu hawatasikia kitu. Niiache ilivyo, au mtu ashike maiki atafsiri inavyokwenda? Sijalala vizuri kwa ajili ya hili.

Nawasilisha.

Bisi za Moto

Naweka kiti hapa mapema.

Mama Wawili

Kaka, choo kipo? Mwaka jana nilipeleka wanangu kwenye shughuli kama hiyo hiyo, watoto wamejaa hadi mlangoni na choo kimoja kina foleni ya mkate. Mdogo akajikojolea kabla Santa hajafika. Tafsiri si shida, shida ni choo.

Mrombo Asili

Tafsiri, ila isiwe Kiswahili. Weka Kichagga. Watoto wa Dar wanaletwa nyumbani kuhesabiwa na hawajui hata kumwomba bibi maji ya kunywa.

Machame Juu

Kichagga kipi? Mkiweka cha Rombo, sisi wa Machame tutahitaji mkalimani wa mkalimani.

Mrombo Asili

Nilijua tu Machame watakuja.

Mzee wa Kanisa

Vijana, Krismasi ni kuzaliwa kwa Bwana. Katika visa vyote vitano alivyovitaja huyu ndugu, Mtoto mwenyewe yuko wapi? Naona panya, naona bata, naona mbwa wawili, mmoja kavaa suruali na mwenzake kafungwa kola shingoni. Hata hilo hamjiulizi?

Bisi za Moto

Mzee, la mbwa wawili limenimaliza. Miaka yote hii sijawahi kulifikiria.

Fundi Redio

Mkuu, nimekaa kwenye kazi ya sauti miaka mingi, nikupe ninachokijua. Kwenye filamu hiyo Mickey ni Wayne Allwine na Minnie ni Russi Taylor, na hao walikuwa mke na mume kweli, walioana 1991. Huyo mama huyo huyo ndiye aliyetoa sauti za wale wapwa watatu wa Donald. Goofy ana mtu wake, Donald ana mtu wake. Wewe una mtu mmoja na maiki moja. Kwa hiyo mtu wako asijaribu kuwa Mickey mara Minnie mara Daisy, watoto watapotea. Awe msimuliaji: aeleze, anyamaze, aeleze. Sauti ya filamu uishushe lakini usiizime, muziki ndio unaowashika watoto.

Na Donald usimtafsiri kabisa. Hata Wamarekani wenyewe hawamsikii vizuri. Watoto wanacheka zile hasira, maneno hayana kazi.

Sasa swali ni moja: maiki atashika nani?

Kijana wa Kibosho

Shukrani Fundi, umenifungua. La maiki lisikusumbue, mtu yupo.

Dada wa Sakina

Mtu yupo nani? Mbona unajibu kama uko kituo cha polisi? Kama mtu yupo, tafsiri umeshaamua. Sasa usingizi unakosa kwa lipi?

Wakili wa Mtaani

Hakuna aliyeuliza la msingi. Kiingilio kinatozwa? Kama kinatozwa, hayo ni maonyesho ya hadharani, na kazi hiyo ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ipo, COSOTA wapo, Bodi ya Filamu ipo. Kununua DVD hakukupi ruhusa ya kuuza tiketi.

Machame Juu

Wakili, si walisema Mickey ameshakuwa mali ya umma tangu Januari 2024?

Wakili wa Mtaani

Aliyekuwa mali ya umma ni yule wa 1928, mweusi na mweupe, hana hata glavu, na hiyo ni kwa sheria ya Marekani. Huyu wa 2004 anayeteleza kwenye barafu kwa kompyuta bado ana baba yake.

Kijana wa Kibosho

Hayo ya vibali mwenzangu anayafuatilia, tusitoke kwenye mada.

Dada wa Sakina, sawa, niseme. Mtu mwenyewe ni baba yangu mzazi.

Zamani baba alikuwa akitafsiri mahubiri ya wageni kanisani kwetu. Mgeni akisema sentensi moja, baba anatoa tatu, na watu walikuwa wakija kwa ajili ya zile mbili za nyongeza. Nilipompelekea hii filamu ajaribu, tulikaa sebuleni na watoto wa majirani. Ikafika pale Pluto anavua kola na kuondoka baada ya kugombezwa na Mickey. Baba akaegemea mkongojo, akasema taratibu: "Huyu mbwa amechoka. Mwaka mzima analinda nyumba, leo sikukuu, wao wanapamba mti, utumbo hawampi." Watoto walilala chini kwa kucheka. Mama naye, pale Mickey anapotoa kinanda chake cha mdomo ili ampatie Minnie zawadi, nilimwona anajifuta macho kwa khanga.

Sasa mwenzangu, ambaye projekta ni yake, anasema huo ni ushamba. Anasema mtu wa Dar hawezi kulipa elfu tano asikilize mzee wa mgombani. Akaleta jina la MC kijana kutoka Arusha, anajua kuchezea sauti. Nimeshampa advansi. Bango limeshachapwa na jina lake.

Dada wa Sakina

Na baba ameambiwa?

Kijana wa Kibosho

Bado. Anajua ni yeye.

Bisi za Moto

Wakuu, bisi zimeungua jikoni, nasoma nimesimama.

Kijana wa Kibosho

Msinihukumu kabla hamjasikia. Baba akishika maiki hairudishi. Halafu tarehe 26 ni siku ya mbege, atafika ameshaonja. Wageni wana simu, watamrekodi, kesho yake yuko mtandaoni watu wanamcheka lafudhi. Kumwacha nyumbani ni kumlinda. Advansi nayo hairudi, nikimtoa MC nimepoteza hela.

Dada wa Sakina

Unamlinda yeye au unajilinda wewe? Kisa cha tatu kwenye hiyo filamu unayoiuzia tiketi: Max anamleta msichana wake nyumbani Krismasi, na muda wote anaona haya kwa ajili ya Goofy. Wewe ulivyokaa pale sebuleni hicho kisa ulikirukia?

Kondakta Mstaafu

Hili la wazazi acheni tu. Siku ya mahafali yangu Arusha baba alishuka na basi la asubuhi akiwa na kuku wawili hai, amewafunga miguu kwa kamba ya katani, anasema ni wa mwalimu wangu. Mimi nimevaa joho, nimejificha nyuma ya nguzo. Kamba ikalegea. Jogoo akapita mbele ya meza kuu mkuu wa chuo akiwa anasoma majina. Baba akapiga kelele akiniita kwa jina la utotoni nimsaidie kumkamata. Mnajua nani alimkamata? Mgeni rasmi. Akampa mkono baba, wakapiga picha watatu, na jogoo. Hiyo picha iko ukutani kwa mama mpaka leo. Mimi simo.

Sina ushauri, nimekumbuka tu.

Mzee wa Kanisa

Waheshimu baba yako na mama yako. Amri hiyo ina ahadi ndani yake, upate siku nyingi katika nchi. Siongezi.

Hakimu wa Chai

Nimesoma uzi mzima. Wakuu, mmeshikwa.

Mleta mada anasema mama yake alilia Mickey alipotoa kinanda cha mdomo. Kinanda cha mdomo hakimo kwenye filamu ya 2004. Hicho ni kisa cha ile iliyotangulia, ya 1999, iliyochorwa kwa mkono, yenye visa vitatu. Sasa mama alijifuta machozi ya kisa ambacho hakikuonyeshwa?

Halafu tazameni mpangilio. Filamu ina kijana anayeona haya kwa ajili ya baba yake, na mleta mada naye, kumbe, anaona haya kwa ajili ya baba yake. Mzee ana mkongojo, ana mbege, ana maneno ya hekima kuhusu utumbo. Hii chai ina tangawizi. Kuna ukumbi unatafuta wateja tarehe 26, basi.

Mrombo Asili

Daah. Na mimi nilishamwambia mke wangu tunapeleka watoto.

Mama Wawili

Ndiyo maana la choo hakujibu.

Machame Juu

Mimi tangu pale aliposema wapwa "wanazamia kwa Santa" nilijua huyu ni mwandishi.

Fundi Redio

Polepole jamani. Filamu hizo mbili watu wanazichanganya kila Krismasi, majina yake yanakaribiana sana. Kukosea kisa si ushahidi wa uongo. Muongo angeangalia kwanza.

Kijana wa Kibosho

Hakimu, flashi ina filamu zote mbili. Aliyetunakilia aliziunganisha, ikiisha ya kuchorwa inaanza ya kompyuta bila hata kukatika, na pale sebuleni tuliziangalia zote. Tarehe 26 tunaonyesha ya kompyuta kwa sababu ndiyo inayong'aa ukutani. Mkongojo ni wa mguu, alianguka kwenye mfereji, nao mnataka picha ya mguu?

Mama Wawili, vyoo vipo vinne.

Sauti ya Ngaramtoni

Habarini wanajukwaa. Nimetumiwa huu uzi na mtu, nikaona nijisajili. Huyo MC anayesemwa ni mimi. Kuhusu mzee sikuambiwa lolote. Niliambiwa nitasimulia filamu nzima peke yangu, zaidi ya saa moja, koo ni langu. Mimi Kichagga sijui, mimi ni Mmeru. Kama mzee yupo na anaweza, achukue Pluto na Goofy, mimi nibaki na wale akina dada wa barafu na shughuli ya kuwanyamazisha watoto, ambayo ndiyo kazi ngumu zaidi. Advansi nishaitumia kwa hiyo siwezi kujitoa.

Nawasilisha.

Hakimu wa Chai

Akaunti imefunguliwa leo. Ujumbe 1. Wote wawili wanamalizia na "nawasilisha". Mleta mada, jina umebadilisha, mwandiko umeusahau.

Fundi Redio

Hakimu, kila mtu humu anawasilisha. Wewe mwenyewe kwenye uzi wako wa kuuza pikipiki uliwasilisha.

Hakimu wa Chai

Pikipiki ilikuwepo.

Dada wa Sakina

Iwe chai, iwe maziwa, hoja ya MC ina mashiko. Maiki mbili zinakodishwa mjini hapo hapo. Baba apewe kisa cha Pluto, ndicho anachokijua.

Wakili wa Mtaani

Na kibali?

Kijana wa Kibosho

Nimepigiwa simu sasa hivi. Baba ameshateremka bila kuniambia, yuko stendi, kavaa suti, anauliza ukumbi uko upande gani akajaribu maiki.

Dada wa Sakina

Na bango liko wapi?

Kijana wa Kibosho

Mlangoni. Futi sita.

Mrombo Asili

Mpigie mtu alishushe. Mengine yatajulikana baadaye.

Kijana wa Kibosho

Mwenzangu hapokei simu.

Hakimu wa Chai

Kabla halijashushwa, lipige picha utuwekee hapa.

Kijana wa Kibosho

Niko kwenye bajaji, ngojeni.