Nimerudi nyumbani baada ya kimbunga Harvey: ukuta unaonekana mkavu, niuvunje au niuache?

MamaPacha_wa_Tanga – Alhamisi, 31 Agosti 2017, saa 3 usiku

Assalaam aleykum na salamu kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi kusini-magharibi mwa Houston, Texas, mitaa michache tu kutoka mto wa Brays Bayou. Nyumba ni ya chini, vyumba vitatu, bado tunailipia mkopo.

Jumapili alfajiri niliamka kutia udhu nikasikia maji yanabubujika bafuni. Kumbe yanatokea kwenye tundu la kuogea, hata mlangoni yalikuwa hayajafika. Saa nne asubuhi yalikuwa karibu na magoti. Tukatolewa na boti ya watu wa kujitolea, mume wangu kambeba pacha mmoja, mimi mwingine, na begi moja la nguo.

Leo ndiyo mara ya kwanza kuingia ndani. Mstari wa matope uko wazi ukutani, nimeupima kwa tepu yangu ya kushonea: inchi 14 sebuleni, 16 chumba cha watoto. Friji ilielea, imelala chali katikati ya jikoni. Sakafu ile ya mbao za kubandika imefura, ukikanyaga maji yanaruka. Harufu ni ya chemba. Msahafu ulikuwa juu ya kabati, alhamdulillah, haukuguswa.

Sasa shida yangu. Mume wangu anasema ukuta ukiugusa ni mkavu, tuoshe kwa jiki, tuwashe feni, tupake rangi, basi. Jirani yetu, mzee mmoja wa hapahapa, tangu jana anabomoa kuta za nyumba yake yote na kutupa nje. Nani yuko sahihi? Pacha mmoja ana pumu, ndiyo maana siwezi kulala nikiliwaza hili.

La pili, bima ya nyumba tunayo, lakini nimeambiwa kwa simu kuwa mafuriko hayamo. Tuna green card, ile ya ukaazi wa kudumu, watoto wamezaliwa hapa. Tunaweza kuomba FEMA, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maafa, au tutajiharibia?

La tatu mtaniwia radhi, najua watu wamepoteza roho. Nina sanduku la mbao alilonipa mama nilipoolewa. Ndani mna picha za harusi, za baba marehemu, na kanga zangu, pamoja na kisutu nilichovalishwa siku ile. Vyote vimelowa maji yale machafu. Kuna linaloweza kuokolewa?

Kesho ni Idi, nasi tuko kwenye sakafu ya rafiki. Naomba ushauri wenu.

---

Kijana_wa_Dallas – Alhamisi, saa 4 usiku

Pole sana dada. Kwa maoni yangu msivunje kitu mapema. Fungueni madirisha, wekeni feni nne tano kwa wiki nzima, zitakausha. Kuvunja ukuta ni gharama na hela hamna. Halafu msiguse chochote hadi mkaguzi wa FEMA afike aone.

---

FundiJipsamu – Ijumaa, 1 Septemba 2017, saa 11 alfajiri

Binti yangu, pole sana, na Idi Mubarak japo imewakuta ugenini. Kijana wa Dallas kasema kwa nia njema, lakini msifuate ushauri huo, yote mawili.

Nafanya kazi ya kuta hizi tangu 1998. Mwaka 2001, mwezi wa 6, dhoruba ya Allison ilitukuta tukiishi karibu na Greens Bayou. Haikuwa hata kimbunga kamili, lakini maji yaliingia ndani futi moja. Na mimi fundi, mwenye kuyajua haya, sikuwa na pesa, nikaosha ukuta, nikapaka rangi nyeupe safi. Mwezi wa 8 mke wangu akaanza kukohoa usiku. Nikavuta kabati chumbani, nyuma yake pana doa jeusi ukubwa wa sinia. Nilipofungua, ndani kote kulikuwa kweusi hadi kiunoni. Nikavunja kila kitu nilichokipaka rangi, na wakati huo msaada ulikuwa umeshafungwa. Ndiyo maana nimeamka kukuandikia kabla sijaenda kazini.

Ukuta wako si wa tofali. Ni bao mbili za jipsamu zenye karatasi juu, katikati nguzo za mbao, na kwenye kuta za nje kuna ile pamba ya waridi. Chovya ncha ya andazi kwenye chai uone chai inavyopanda. Jipsamu ni hivyohivyo. Maji yalisimama inchi 14, lakini ndani yamepanda zaidi. Rangi ya nje ndiyo inayokudanganya mkono. Pamba ile ikishalowa haikauki ng'o, hata uweke feni ishirini. Na ukungu huanza baada ya siku moja au mbili tu. Leo ni siku ya tano.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Ng'oa ule ubao mwembamba ulio chini ya ukuta, uchome kwa bisibisi inchi mbili juu ya sakafu. Utaona.

Kama ni hivyo, kabla ya kukata, zima umeme kwenye swichi kuu. Lakini ikiwa sanduku la swichi lenyewe lilifikiwa na maji, au ukilazimika kusimama kwenye maji ili ulifikie, usiliguse, mwite fundi umeme. Soketi zote zilizolowa zitabadilishwa.

Piga picha. Kila chumba, pembe zote nne, mstari wa maji na ile tepu yako ikiwa imeshikiliwa hapo. Picha ya namba ya nyuma ya friji, ya mashine ya kufulia, ya jiko. Ndipo utupe. FEMA hawamlazimishi mtu kukaa na matope akimsubiri mkaguzi. Picha na risiti ndizo zitakazosema. Friji usiifungue! Izungushie utepe wa gundi wenye nguvu, itoke nje hivyohivyo na vilivyomo.

Kata kwa urefu wa futi 4 kutoka sakafuni. Watu huniuliza kwa nini nne wakati maji yalikuwa moja na kitu. Bao la jipsamu linauzwa na upana wa futi 4, na aghalabu hulazwa ubavu. Ukikata nne kamili, utarudisha bao zima bila vipande. Anayekata mbili anaokoa bao leo, anapoteza siku nzima ya fundi kesho. Zulia, sponji yake, sakafu ya kubandika, magodoro, makabati ya mbao za kusagwa: yote nje. Mbao halisi inaweza kupona. Kando ya barabara msichanganye lundo: jipsamu na mbao upande mmoja, friji na majiko upande mwingine, vya elektroniki peke yake, rangi na kemikali peke yake, matawi peke yake.

Halafu subira. Nguzo zikishabaki wazi, zisugue kwa sabuni, ziache zipigwe na feni. Usikubali mtu arudishe ukuta kabla mbao hazijashuka chini ya asilimia 15 za unyevu. Nina kipima unyevu, nitakuletea ukae nacho. Na mtu akikugongea mlango akitaka malipo yote mkononi kabla ya kazi, mrudishe alikotoka.

FEMA: jiandikisheni leo, 1-800-621-3362, na omba mkalimani ukimtaka. Mwenye green card anastahili sawa na raia, mkimbizi na aliyepewa hifadhi pia. Hata mzazi asiye na karatasi anaweza kuomba kwa jina la mtoto aliyezaliwa hapa. Watu wa bima wakupe barua ya kukataa kwa maandishi, simu haitoshi, FEMA wataitaka. Mwaka huu wa 2017 kiwango cha juu kabisa ni dola 33,300 na wengi hupata chini ya hapo sana, kwa hiyo wakikutumia fomu ya mkopo wa SBA, idara ya serikali inayokopesha waliopatwa na maafa, usiitupe. Nyumba mwaka huu wanakopesha hadi dola 200,000, vyombo hadi 40,000. Kuijaza si kuukubali mkopo, ila kwa utaratibu wa mwaka huu usipoijaza unaweza kujifungia misaada mingine.

---

Nesi_MsaPwani – Ijumaa, saa 4 asubuhi

Dadangu, pole, na Idi njema. Mimi ni wa Mombasa, ni nesi hapa Katy, jirani na Houston. Fundi amesema yote ya ukuta, mimi naongeza ya mwili.

Mwanao wa pumu asikanyage nyumba hiyo hadi jipsamu yote itoke na pasafishwe. Hata kwa dakika tano za kuchukua kidude chake. Mkirudi kutoka kubomoa vueni nguo nje, msimkumbatie na vumbi lile. Nyinyi vaeni barakoa ya N95, si kitambaa, glavu za mpira, na buti ngumu kwa sababu ya misumari. Kama sindano ya pepopunda ina zaidi ya miaka kumi, au hukumbuki, kachome. Jana usiku nimepokea watu watatu wenye vidonda vya miguuni, wote walikuwa na kandambili.

Jiki: kikombe kimoja kwenye galoni moja ya maji, madirisha wazi, na kamwe usichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye amonia. Osha matope kwanza kwa sabuni, jiki juu ya tope haifanyi kazi. Jenereta ikae nje, futi 20 kutoka nyumbani, moshi uelekee kwingine. Ile hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi wake haina harufu na inaua watu wamelala. Hata gereji iliyo wazi, hapana.

Vyakula vya makopo yasiyobonyea unaweza kuosha na kutia jiki. Chupa za kifuniko cha kuzungusha, unga, mchele, hata kama mfuko unaonekana mzima, tupa.

Sasa sanduku, na usiombe radhi kwa hilo, mwenye kisutu chake anajua. Picha usizibandue zikiwa zimegandana. Zitie kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziachie zenyewe, kisha zianike zikitazama juu kwenye taulo, mbali na jua. Kama huna nafasi siku hizi mbili, zitie kwenye mfuko wa plastiki uziweke kwenye friza la rafiki yako. Zikiganda hazioti ukungu, utazishughulikia hata mwezi ujao. Kanga usizitie jiki. Kila moja na beseni lake, maji baridi na chumvi, ndivyo bibi alivyokuwa akifua za rangi kali, halafu sabuni. Kisutu kiwe cha mwisho, peke yake, kwa sababu ile nyekundu itatoka.

---

PapaDeo_Bukavu – Ijumaa, saa 8 mchana

Dada, pole sana kabisa. Sisi ni Wakongomani, tuko tunaishi kwa apartimenti Gulfton, ghorofa ya pili, maji haikutufikia. Kesho Jumamosi niko na vijana sita wa kwaya yetu, tuko na toroli mbili, mitaimbo na nyundo. Nitumie adresi kwa ujumbe wa siri, si hapa mbele ya watu wote. Saa moja asubuhi tutakuwa kwako. Usipike kitu, bibi yangu atatuma chakula.

---

MamaPacha_wa_Tanga – Jumapili, 3 Septemba 2017, saa 2 usiku

Ndugu zangu, mikono inatetemeka kwa uchovu lakini lazima niwaambie.

Ijumaa baada ya swala ya Idi tulipitia nyumbani mimi na mume wangu tu. Nikang'oa ule ubao nyuma ya kochi, nikampa bisibisi yeye mwenyewe achome. Ilizama kama kwenye ugali. Alipoichomoa, maji ya kahawia yakachuruzika, yakateremka hadi kwenye kiganja chake. Hakusema neno. Akaenda kuchukua nyundo kwenye gari.

Papa Deo na vijana wake walifika kabla ya saa moja. Waliimba kutwa nzima, jirani yetu mzee akaja kuwasaidia, nao mchana wakahamia kwake. Kufika magharibi nyumba nzima ilikuwa nguzo tupu, unasimama sebuleni unaona hadi chumba cha watoto. Kwenye chumba hicho, nyuma ya kitanda cha yule wa pumu, pamba ilikuwa imeshaanza madoa ya kijani na nyeusi. Upande wa chumbani wa ukuta huohuo palikuwa peupe, pasafi. Nimepiga picha nimtumie kila anayeniambia ataosha tu.

FEMA tumejiandikisha, namba tumepata. Barua ya bima nimeidai kwa maandishi.

Fundi, shikamoo, kipima unyevu nimekipokea. Leo nguzo zinasoma 28.

---

FundiJipsamu – Jumapili, saa 3 usiku

Marahaba binti. 28 ni sawa kwa siku ya kwanza. Pima palepale kila asubuhi, tia alama kwa penseli. Usiku funga madirisha, Houston hewa yenyewe imelowa. Kama utapata mashine ya kunyonya unyevu, afadhali kuliko feni ya tano.

---

MamaPacha_wa_Tanga – Jumapili, 24 Septemba 2017, saa 4 asubuhi

Leo: 13 sebuleni, 14 chumba cha watoto. Jipsamu inakuja Jumanne.

Picha za baba zimepona zote isipokuwa mbili. Sanduku nililianika kivulini wiki mbili, kifuniko kimepinda kidogo ila linafunga. Kisutu nilikifua mara nne. Ile nyeupe imekuwa ya waridi na haitarudi, lakini harufu imetoka, na nimekilalia usiku wa jana.

Kipima unyevu Fundi kaniruhusu nikipitishe. Aliye karibu na Brays Bayou ambaye kuta zake bado ziko wazi aniandikie, nitamletea leo jioni.