Tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso) kwa mgonjwa wa saratani: wodini, nyumbani au hospisi, na aanze lini?

Mkwajuni: Wakuu, tuchukulie mgonjwa ana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya nne, mionzi amemaliza. Familia ina njia tatu: alazwe, arudishwe nyumbani, au apelekwe hospisi, yaani kituo cha tiba shufaa. Na wakati wa kuanza tiba hiyo unajulikanaje?

Sista_Zamu: Njia mbili za mwisho mara nyingi ni moja. Hospisi nyingi za huku, Nairobi Hospice iliyoanza 1990 ikiwemo, si mahali pa kulazwa. Mgonjwa huhudhuria kliniki au hufuatwa nyumbani. Aandikishwe pale maumivu yanapomkosesha usingizi, hata kama bado yuko kwenye mionzi, maana hafutwi kliniki ya saratani. Dalili nyingine: zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani, nguo zinampwaya, analazwa tena na tena kwa tatizo lilelile.

Dozi_kwa_Saa: Nyumbani kunawezekana kama mofini ya maji (dawa kali ya maumivu) ipo na kuna wa kuitoa kwa saa. Mtu mzima kwa kawaida huanzishiwa 2.5 hadi 5 mg kila baada ya saa 4, na ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamshwe usiku. Soma lebo! Chupa ya 5 mg kwa 5 ml na ya 50 mg kwa 5 ml zinapishana mara 10. Kosa la kila siku ni kungoja mpaka alie ndipo apewe. Hapo maumivu yameshatangulia. Na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Akikaa siku nne bila choo tumbo litamuuma, mofini italaumiwa, chupa itamwagwa.

Pwani_Kavu: Wazee wanasema mofini ndiyo inayommaliza mtu.

Dozi_kwa_Saa: Ugonjwa ndio unaommaliza. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, analipa deni la usingizi. Ila asipoamshika, mboni zikawa kama tundu la sindano, au viungo vikarukaruka, usimpe dozi inayofuata, piga simu mara moja. Saratani hii huweza kuziba mirija ya mkojo. Figo zikishindwa, dawa hujilimbikiza mwilini.

Mkwajuni: Na harufu ya uchafu unaomtoka? Ndiyo inayofukuza wageni.

Sista_Zamu: Vidonge vya Flagyl (metronidazole, dawa ya kuua bakteria), kwa maelekezo ya kliniki: vinasagwa viwe unga laini na kuwekwa ndani ya uke, au kunyunyizwa kwenye kidonda kilicho wazi baada ya kuoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Marashi hayasaidii, yanaongeza kichefuchefu tu.

Wodini ni pa damu inayotoka kwa wingi, mkojo kukata, kutapika hata dawa, au miguu kulegea ghafla. Hayo hayangoji ziara ya wiki ijayo. Kabla ya kupokea ruhusa ulizeni mambo mawili: dawa inatosha mpaka tarehe gani, na saa nane za usiku simu inapokelewa na nani.