Tupeane uzoefu: kipi tununue mtumba, kipi tuchukue kipya?

BintiDonge
Asalaam alaykum. Jana mume wangu kaja na habari kwamba Kwerekwe kaona friji ya mtumba, milango miwili, laki tatu na nusu, muuzaji anaapa imeshuka kutoka Ulaya juzi. Mpya ya ukubwa ule madukani Mlandege hatuigusi. Mie nikakumbuka ile feni ya mtumba tuliyonunua mwaka tuliooana. Ikizunguka huku inatembea, asubuhi tunaikuta mlangoni kama mgeni anayeaga. Tupeane uzoefu jamani, kipi mtumba ni bora na kipi mtu asithubutu?

MzeeVikokotoni
Wa alaykum salaam mwanangu. Vya mbao nunua vikuukuu: kabati, kitanda, meza, mlango. Hivi vipya vya mbao za kubandika, masika ikivinusa tu vishavimba kama andazi. Mie nalalia samadari ya msaji, niliitoa kwenye nyumba ya watu waliohama Mji Mkongwe. Mchwa kala mpaka fremu ya mlango, samadari kaizunguka kenda zake.

Vespa150
Na cherehani. Mama ana Singer ya mkono, kaikuta kwa bibi yake, inashona mpaka turubai. Ila tairi usinunue mtumba hata ukipewa na mjomba. Tazama ubavuni, mwisho wa yale maandishi ya DOT pana tarakimu nne. Ikiwa 2316, basi imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa nzima na mpira ushakauka.

MkojaniWaMicheweni
Vespa150, si vespa yako yenyewe mtumba?

Vespa150
Vespa mtumba, tairi mpya. Soma kwanza yakhe.

FrizaMkokotoni
Mmenikumbusha jenereta. Wakubwa mnaukumbuka, tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, ukaja kurudi Machi 2010. Nilikuwa na friza mbili za samaki. Jenereta mpya kila ukiamka bei imepanda, basi jamaa mmoja akaniuzia ya mtumba. Imepakwa rangi nyekundu, mbichi, nilipoishika ikabaki vidoleni. Nami mjinga nikaona huo ndio uzima wake.

Siku tatu ikaunguruma vizuri. Ya nne, saa saba za usiku, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kimya. Nimevuta ile kamba mpaka ngozi ya kiganja ikachunika. Asubuhi fundi kaifungua, oili hamna, mna kitu kama uji wa ulezi, pistoni imeganda. Nina kilo themanini za pweza na changu. Nikawa naogopa kufunua. Nilipofunua, kilichonipiga usoni kwanza ni joto. Joto, ndani ya friza! Harufu ikafuata. Nikakodi gari ya ng'ombe kwenda kumwaga, ng'ombe mwenyewe akawa anasimama njiani anageuza kichwa, watoto nyuma yetu wamejiziba pua wanaimba. Nikamwendea muuzaji. Kanijibu: "Nilikwambia ya mtumba, nilikwambia nzima?"

Tangu hapo kitu chenye injini wakikuwashia kabla hujafika, mie siweki pesa. Lazima nikikute cha baridi, nikisikie kinavyoamka.

ShangaziMakunduchi
Usinikumbushe mwaka ule. Na maji nayo yakakosekana, pampu hazina umeme.

Kwerekwe_Boy
Simu mtumba sawa, ila bonyeza *#06# mbele ya muuzaji, ulinganishe namba ya IMEI itakayotokea na ya kwenye boksi, halafu itume 15090 uone inajibu simu gani. Akianza kukuharakisha, mrudishie yake.

UmmNasra
Godoro jamani. GODORO. Tulinunua mtumba, nene, ati la hoteli. Wiki ya kwanza mume wangu hanisemeshi. Ya pili mie najikuna. Nikasema hawa kunguni, nikalitoa uani, nikachana mshono kwa wembe. Upande wa kichwani, ndani ya sponji, pana kitambaa chekundu kimeshonwa, kadogo kama biskuti. Sikukifungua. Nilikishika kwa koleo la mkaa.

Kwerekwe_Boy
Ukakifanyaje???

ShangaziMakunduchi
Hicho hutupwa baharini maji yakitoka, usigeuke nyuma.

MzeeVikokotoni
Kisitupwe, kisomewe kwanza Ayatul Kursi ndipo kichomwe.

Vespa150
Mtalii gani ashone hirizi kwenye godoro? Hicho kifuko cha dawa ya unyevu, kama vile vya kwenye viatu.

UmmNasra
Cha viatu hushonwa kwa uzi mweusi mara saba? Nimehesabu.

BintiDonge
Jamani mie nimeuliza friji.

MkojaniWaMicheweni
Mnatishana bure. Mie nimeoa kwa kitanda na godoro la mtumba, leo mwaka wa kumi na moja.

ShangaziMakunduchi
Na wakweo uliwaambia? Kitanda cha harusi ni cha kulaliwa na mtu kabla ya mke wako? Aibu.

MkojaniWaMicheweni
Kitanda nilikipiga msasa na vanishi.

ShangaziMakunduchi
Nimeuliza, uliwaambia?

FundiFuoni
BintiDonge, hawa waache. Mwambie baba watoto aende bila kutoa taarifa, apapase kompresa huko nyuma. Ikiwa ya moto, wameiwasha mapema. Iwashwe mbele yake, akae hata dakika arobaini. Abane noti kwenye mpira wa mlango, ikichomoka yenyewe ujue baridi itatokea hapo. Asome kibandiko cha gesi: R134a au R600a sawa, R12 aiwache, gesi hiyo ilipigwa marufuku kwa kuharibu ozoni na kuijaza itakuwa kazi. Na isilazwe njiani, oili ya kompresa hupanda kwenye mabomba.

Vespa150
Friji nunua mpya. Ya zamani inakula umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, laki uliyookoa unailipa kidogo kidogo.

FundiFuoni
Si zote. Kuna mpya hapa mjini zinakuja kwangu kabla ya miezi sita.

BintiDonge
Ahsante fundi, ila nimechelewa kusoma. Ipo uani. Imekuja na gari ya ng'ombe kutoka Kwerekwe mpaka Fuoni, imelala ubavu, na shemeji yangu kaikalia juu. Isimame muda gani?

FundiFuoni
Mpaka kesho asubuhi. Msiiguse.

MzeeVikokotoni
Saa moja yatosha.

UmmNasra
Kabla hujaichomeka, hebu chungulia nyuma ya mpira wa mlango.