Safari ya kuvua na marafiki: boti ya Malindi au mashua ya Amu (Lamu), na gharama tugawane vipi?

Mshipi_Mrefu (Malindi)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuko watu sita, marafiki tangu shule ya msingi, na kila msimu wa upepo wa kaskazi tunatoka pamoja. Uwindaji wa mwituni ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo sisi mawindo yetu ni nguru na jodari.

Mwaka jana tulikodi boti ya injini hapa Malindi kwa siku moja, shilingi 30,000. Hesabu ilikuwa 5,000 kila mtu. Usiku wa kuamkia safari mmoja akajitoa, ikawa 6,000 kwa watano. Baharini, tulipoyavuka tu yale maji ya udongo ya Mto Sabaki, mwengine akaanza kutapika na hakushika mshipi hadi tunarudi. Na aliyebahatika alivuta nguru wawili wakubwa, akawabeba wote kwake kwa kuwa "ni wangu". Hakuna aliyegombana, lakini tulikaa wiki tatu bila kupigiana simu. Hilo liliniuma kuliko ile elfu moja.

Mwaka huu naona njia mbili: turudie boti ya Malindi siku moja, au twende Amu, tuchukue mashua ya tanga na nahodha wake hadi kisiwa cha Kiwayu kwa siku tatu. Na malipo je: sawa kwa sawa, kila mtu alipe chake, au mfuko mmoja? Waliopitia haya naomba waseme.

Bint_Shela

Kaka, kwa watu sita chukueni mashua. Kwenye boti ya kurambaza, ile inayokokota mishipi ikienda, pesa nyingi huenda kwenye petroli, na petroli inaungua mpate samaki msipate. Ndiyo maana kila mtu anaanza kupima: nimelipa kiasi gani, nimevuta nini. Kwenye mashua mnalipia chombo, nahodha, chakula, maji na makaa, na upepo ni wa wote. Jioni jiko linawashwa ndani ya sanduku la mchanga, changu anapakwa chumvi, ndimu na pilipili, wali wa nazi unatokota pembeni. Kwa sinia moja namna hiyo, kugawana sawa hakumkeri mtu.

Ila wekeni akiba ya siku moja. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, unapitika maji yakijaa, mkiyakosa mnangoja. Na wakati wa kaskazi, kwenda Kiwayu ni kupiga bisha, upepo mnaukabili. Kurudi ndiko raha.

Mtunza_Mfuko

Chombo chochote mtakachochagua, pesa ikusanywe kabla. Sisi tuko wanane na tumefanya hivi miaka minne:

Mmoja anashika mfuko, na si yule anayepanga safari. Kila mtu anatuma mchango wake kwa M-Pesa pamoja na ya kutolea, la sivyo mshika mfuko anakatwa peke yake kila anapotoa pesa. Nahodha akishapewa arubuni, atakayejitoa hesabu yake ni moja: alete mtu wa kukaa nafasi yake, au mchango wake ubaki. Huyo wenu wa mwaka jana alistahili kulipa 5,000 zake, kwa sababu boti ilikodiwa kwa hesabu ya watu sita.

Mfuko ununue vya wote: chombo, chambo, barafu, unga, mchele, maji. Sigara, miraa na soda, kila mtu na lake. Hapo ndipo mifuko mingi huvuja.

Aliyetapika naye alipe sawa. Nafasi ilikuwa yake.

Mwana_wa_Nahodha (Matondoni)

Mnatafuta mbali. Wavuvi wetu wana hesabu yao tangu zamani. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama za safari. Kinachobaki hupigwa mafungu: chombo kina fungu lake, nahodha lake, kila baharia lake. Aliyevuta samaki mkubwa hamzidi aliyekuwa akitoa maji chomboni kwa kopo, kwani bila kopo lile hata huyo samaki asingefika pwani.

Nyinyi chombo mmekwisha kukilipia, basi samaki pekee ndio wa kugawa. Wakatwe pale pale ufukweni, mapande yapangwe mafungu sita juu ya jamvi, makubwa na madogo yachanganywe. Mmoja ageuke, ayape mgongo. Mwengine aguse fungu, aulize, "La nani hili?" Aliyegeuka ataje jina. Nimeona mafungu mengi sana yakigawiwa hivi, na sikumbuki lililorudishwa.

Jambo jengine: huko Malindi msishushe mshipi ndani ya mbuga ya bahari. Ni marufuku kuvua mle, na mbuga ile ipo tangu 1968. Mwambieni nahodha mapema, asije akawafupishia njia.

Mshipi_Mrefu

Nimewaelewa, na mafungu nayachukua yalivyo. Lakini kuna jambo sikulisema. Mmoja wetu ni wa bodaboda. Sisi wengine tunachukua likizo na mshahara unaingia. Yeye siku tatu za Kiwayu ni siku tatu bila shilingi, na njia ya kwenda na kurudi juu yake. Tukichanga sawa, yeye amelipa zaidi yetu sote.

Bint_Shela

Hapo nabadilisha maneno yangu. Kiwayu iacheni. Njooni Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri mtoke na mashua hadi kisiwa kidogo cha Manda Toto, mvue, mpike, Jumapili mrudi. Apoteze siku mbili badala ya nne au tano. Na msimwambie mbele ya watu kwamba mtampunguzia. Muulizeni kama ataweza kusimamia mapishi, na mfuko ulipie nauli yake. Atakuwa ameweka mkono wake, si msaada.

Mtunza_Mfuko

Nakubali, ila nauli hiyo iandikwe wazi kama gharama ya mpishi, ili asije mmoja wenu akauliza mwakani.

Mshipi_Mrefu

Nimezungumza nao leo. Amu, Manda Toto, usiku mmoja mashuani. Mfuko anashika mwengine, si mimi. Arubuni inakwenda Alhamisi. Wa bodaboda amekubali jiko, tena ameomba aje na nazi zake mwenyewe kutoka kwao Mambrui.

Yule wa nguru wawili nimemwandikia kuhusu mafungu. Amejibu: "Sawa kabisa. Ila kichwa cha nguru naomba mniachie, mama anapenda mchuzi wake." Wote watano tumekubali.