Malaria haipungui kijijini licha ya vyandarua: tuelekeze nguvu wapi?

Mkulima wa Kilombero
Ndugu zangu, salaam. Kijijini kwetu karibu kila kaya ina chandarua chenye dawa, lakini malaria haijatutoka, hasa mpunga unapokuwa majarubani. Kamati ya afya imepanga siku ya kufyeka majani na kumwaga dawa kwenye mashimo ya vyoo. Je, kazi hiyo itapunguza malaria kweli?

Mhudumu wa Afya ya Jamii
Ndugu Mkulima, usafi wa vyoo una faida zake, ila mbu wanaozaliana humo kwa wingi ni kuleksi, ambao kwetu hueneza matende na mabusha. Anofelesi, anayeeneza malaria, hupendelea maji yasiyo machafu sana: majaruba, mashimo ya kufyatulia matofali, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua. Choteni maji kwa bakuli jeupe, muyaache yatulie, kisha mtazame: kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, ilhali cha kuleksi huning'inia kichwa chini. Hapo mtajua pa kufukia na pa kuweka viuadudu vya kibaiolojia, kama vile vinavyotengenezwa Kibaha.

Fundi Ujenzi
Naongezea kuhusu nyumba. Anofelesi wengi hupenya kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa, kwa hiyo wavu wa dirishani pekee hautoshi. Zibeni uwazi huo kwa wavu, si kwa udongo, kwa sababu chumba kikikosa hewa watu hushindwa kulala ndani ya chandarua.

Muuguzi
Chandarua kikifuliwa kianikwe kivulini, kwani jua huharibu dawa yake. Wanaolala dunguni wakilinda mpunga nao wawe na chandarua chao. Hawa husahaulika mno, na inanisikitisha. Wajawazito wasikose SP, dawa ya kuwakinga na malaria, kliniki, na mwenye homa apimwe ndani ya saa 24, maana mbu huvipata vimelea kwa kumuuma mgonjwa.

Mkulima wa Kilombero
Nawashukuru sana. Je, majaruba yanaweza kukaushwa kwa vipindi bila kuharibu mpunga?

Mhudumu wa Afya ya Jamii
Yanaweza, pale penye mifereji na milango ya kudhibiti maji, kwa kuwa viluwiluwi huhitaji takriban wiki moja au zaidi majini kabla ya kuwa mbu. Kwa majaruba yanayotegemea mvua, tumieni viuadudu na kurudia kila vinapoisha nguvu, mkimshirikisha bwana shamba katika kupanga ratiba.