Wenye kiungulia sugu na asidi kupanda usiku, tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wale wanaokurupuka usiku wa manane koo linaungua na maji makali yamejaa mdomoni. Huku kwetu ukishika kifua tu baada ya kula unaambiwa una vidonda vya tumbo, na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Dozi ya kuua bakteria wa tumbo nimemaliza zaidi ya mara moja, kiungulia kiko palepale. Nilipopigwa kamera, ile inayoshushwa kooni, tumbo likakutwa safi, kidonda hakuna. Tatizo liko juu, pale umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, unapoingia tumboni. Pana msuli unaofunguka chakula kikishuka, halafu unajifunga. Wangu umelegea, asidi inapanda, na umio hauna utando wa kuihimili kama tumbo. Waliofika mahali pa afadhali waseme walifanyaje. Wauza mitishamba, tafadhalini, fungueni uzi wenu.

Dereva wa Usiku: Mleta mada, hayo maji ya mdomoni nayajua. Sisi wa magari makubwa tunakula saa nne usiku, ugali wa nguvu na nyama choma, dakika kumi baadaye mtu anakoroma. Nikilala nyumbani nimeweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kama sentimita 15 hivi. Mito mingi haikunisaidia, inakunja shingo na kubana tumbo. Mama watoto alilalamika anateleza kuelekea miguuni, sasa amezoea. Nikiwa safarini nakula mapema, na nikilala nalalia ubavu wa kushoto. Kulia naungua, kushoto napumua.

Mama Wawili: Mimi kilinianza na mimba ya pili. Mama mkwe akasema mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinazochoma. Basi katoka kipara! Mkunga alinieleza kwamba homoni za ujauzito zinalegeza huo msuli, na mtoto akikua analisukuma tumbo juu. Nilikuwa nakoroga magadi soda, akanikataza kwa sababu ya chumvi iliyomo na presha yangu ilikuwa ya kuangaliwa. Nikawa nakula kidogo kidogo. Nilipojifungua kikaisha.

Kijana wa Kahawa: Dada, wewe bahati yako. Mimi nimeacha kahawa, pilipili, nyanya, machungwa, nikabaki nakula kama mgonjwa wa wodini na bado naungua. Ahueni niliipata kitambi kilipopungua. Zile orodha za vyakula vya kuacha naona watu wanazibeba kama amri, kumbe kila mtu ana chake. Cha kwangu ni chapati za mafuta. Pilipili siku hizi nakula.

Mwana Tanga: Kwangu mtihani ni Ramadhani. Kufunga hakunipi shida, shida ni futari ya bajia na kachori juu ya tumbo tupu, kisha daku halafu kitandani. Sasa nafuturu tende na maji, naswali, ndipo nakula, tena kwa kiasi. Baada ya daku silali tena, nakaa na msahafu mpaka alfajiri.

Mleta mada: Na omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, vipi? Wengine inawasaidia, wengine wanasema maji tu.

Duka la Dawa: Mkuu, wengi wanaoniambia ni maji tu wanaimeza wakiwa wameshaungua. Ile si kama dawa ya kutafuna inayozima asidi papo hapo. Inafunga vitoa asidi vya tumboni, na vyenyewe vinaamka ukila. Kwa hiyo imeze nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi, na uipe siku kadhaa. Ukiwa umeitumia muda mrefu ukaikata ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kishindo, watu wakadhani ugonjwa umezidi. Muulize daktari namna ya kuipunguza. Na mnaomeza diclofenac, ile dawa ya maumivu, kila mgongo ukiuma, hiyo nayo inachokoza.

Kijana wa Kahawa: Maziwa je?

Duka la Dawa: Yanapoza kwa muda, kisha tumbo linatoa asidi zaidi kuyasaga.

Nesi Mstaafu: Wanangu, mmezungumza vizuri, ila msizoee kila kitu. Chakula kikianza kukwama, ugali leo, wali kesho, mwisho hata uji, hicho si kiungulia cha kutibiwa dukani. Kadhalika kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kukonda bila sababu. Wodini nimepokea wazee waliovumilia mpaka maji yakawa hayapiti, na saratani ya umio ukanda wetu huu tunayo. Chai mnayokunywa ikitoka jikoni inafuka, iacheni ipoe kwanza. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, na jasho jembamba, kimbieni mkapimwe moyo, asidi itasubiri.

Dereva wa Usiku: Shikamoo mama. Nimeandikiwa kamera. Inauma?

Mleta mada: Unakwenda hujala tangu usiku, wanakupulizia ganzi kooni, unalala kiubavu na kuuma kidude cha plastiki. Unataka kutapika, machozi yanatoka, lakini ni dakika chache. Usile mpaka ganzi iishe, utapaliwa.

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu. Wakikuchoma sindano ya usingizi, gari siku hiyo apewe mwingine.